Mia Mbili Yenye Kovu

"Mama Rayyan, nikuulize na usininunie. Hizo sarafu mbovu unazotubadilishia kwa nzima, ndizo za chuma ulete?"

Aliyeuliza alikuwa Agness, jirani wa ukuta kwa ukuta wa Mwanajuma, muuza chai na vitumbua wa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Wateja waliokuwa wakinywa chai wakashusha vikombe. Hakuna asiyeiogopa chuma ulete, ile pesa ya uchawi: ukiipokea, inarudi kwa mwenyewe na kukomba zako zote.

"Ingekuwa hivyo, Agness, ningekuwa nimelala kitandani na wewe ndiye unanikaangia vitumbua," Mwanajuma akajibu.

Wakacheka. Lakini mmoja wao aliisukuma chenji yake kwa ncha ya kidole, akaiacha mezani.

Mwanajuma hakumlaumu. Kweli alikuwa akizikusanya. Alikuwa na sarafu ambayo picha yake imekaa pembeni, upande wa pili ukabaki mtupu kama mwezi. Alikuwa na nyingine isiyo na mwaka, na nyingine ambayo ukiigeuza kama ukurasa, mnyama anasimama miguu juu. Ni makosa ya kiwandani, ambayo watu huyapitisha mkononi bila kuyaona. Aliyemfundisha kuyaona ni mwanawe wa pekee, Rayyan. Tangu utotoni, jioni baada ya biashara, walimwaga sarafu mkekani wakazichambua kama mchele, na mtoto akipata moja alipiga kelele, "Mama, huyu wamemgonga vibaya!"

Aliyoipenda Rayyan kuliko zote ilikuwa mia mbili ya simba. Juu yake palikuwa na mstari mwembamba ulioinuka, kutoka jicho la simba hadi ukingoni, ukiupapasa unausikia kama kovu. Alipokwenda Chunya kuchimba dhahabu aliitia mfukoni. "Hii siitumii, mama, hata nife njaa." Alipiga simu miezi michache, kisha simu ikawa haipatikani. Waliokwenda kumtafuta walirudi na maneno tu: mmoja alisema kuna shimo liliporomoka, mwingine alisema vijana wengine walivuka kwenda Zambia.

Tangu hapo Mwanajuma hakupokea sarafu bila kuipapasa kwanza. Kila ukungu uliposhuka kutoka mlima Rungwe na kuufunika ua, alisikia sarafu ikibingirika sakafuni chumbani kwa Rayyan. Alikwenda akainama, akaangaza chini ya kitanda. Hapakuwa na kitu. Alifunga mlango polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Asubuhi moja mnunuzi wa parachichi aliyekuwa akielekea Kyimo alikunywa chai, akalipa, akapanda gari lake. Mwanajuma alipopitisha kidole juu ya sarafu zile, kidole kilinasa. Jicho la simba, mstari, ukingo. Akakimbilia barabarani na aproni yake. Gari lilikuwa limeshamezwa na ukungu.

Akaipeleka sarafu kwa kaka yake Nurdin, fundi saa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Nurdin aliigeuzageuza kiganjani.

"Alisema haitumii hata afe njaa, si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi, dada yangu, imetoka mfukoni mwake yeye akiwa hajui tena. Tumesubiri vya kutosha. Ijumaa tumsomee hitima, kama marehemu wengine."

Mwanajuma aliichukua tena. Aliifunga sarafu kwenye pindo la kanga. Siku zile ilimwelemea pajani kama jiwe, na hata ukungu uliposhuka hakusikia tena kitu kikibingirika. Ukimya ule ulimtisha kuliko ile sauti.

Ijumaa ikafika. Mikeka ilitandikwa, juzuu za Kurani zikapangwa, sufuria la pilau likafunikwa makaa. Wanaume walikuwa wakivua viatu baada ya sala pale Agness alipoingia uani mbio, kikapu cha soko la Mpuguso kichwani, jasho likimtoka.

"Mwe, Mama Rayyan! Chukua pesa yako! Nimepewa chenji sokoni, natazama, ndiyo ile ile yako ya kovu! Imenifuata mpaka Mpuguso! Watoto wangu watakula nini?"

Akaitupa mkekani. Mwanajuma alipapasa pindo la kanga. Fundo lilikuwa pale pale. Akalifungua, akaziweka sarafu mbili ubavu kwa ubavu.

Nurdin akatoa lenzi yake ya saa, akaibana jichoni. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudia ya kwanza. Jicho, mstari, ukingo.

"Kovu haliko kwenye sarafu," akasema taratibu. "Liko kwenye chapa inayozigonga. Chapa ilipasuka, wakaendelea nayo. Kila iliyopita hapo ina alama hii hii. Zinaweza kuwa maelfu."

"Kwa hiyo hii si ya Rayyan?"

"Huenda ni yake, huenda siyo. Siwezi kukuapia, dada."

"Kwa hiyo si chuma ulete?" Agness akanong'ona. Hakuna aliyemcheka.

Mwanajuma alizitazama zile sarafu mbili. Huko nje maelfu ya simba wenye kovu walikuwa wakipita mikononi mwa watu, na mmoja wao labda bado yuko kwenye mfuko wa suruali, na suruali ile sijui iko wapi, juu ya ardhi au chini yake. Mungu peke yake ndiye ajuaye. Akasikia, waziwazi, mchana ule na watu wamejaa, kitu kikibingirika chumbani. Aligeuza shingo. Wengine hawakugeuka.

Shehe aliyeitwa kuongoza kisomo akakohoa. "Mama, tuanze?"

Mwanajuma akainuka, akaanza kuzikusanya juzuu moja moja.

"Naombeni mle pilau, mnywe na chai, mwende salama. Mwanangu msimsomee hitima."