Tumba la Kisiginoni

Nikipita Ndia Kuu na kusikia harufu ya hina iliyokandwa kwa ndimu, narudi ukumbini kwetu, alasiri ya kuamkia harusi ya shangazi yangu.

Fundi wa hina aliinuka kwenda kuswali. Mimi, mtoto nisiyejua hata alifu, nikachukua kijiti chake nikaendeleza maua mguuni mwa bi harusi. Kisiginoni nikaacha tumba moja ambalo halijachanua.

Nyanya alipoliona, sahani ya halua ilimtoka mkononi. Tumba lile lilikuwa alama ya mamake, aliyesifika mji mzima kwa hina, na aliyefariki kabla sijazaliwa. Hina nayo haidumu. Maua yake yote yalikuwa yameshafutika miguuni mwa watu.

"Sisi kwetu twajua," alisema jirani yetu wa Kihindi. "Fundi kama huyu alikuwako hata kabla ya mamako. Karne kwa karne huzaliwa tena, na mikono ile ile."

"Astaghfirullahi!" Nyanya alimkata. "Aliyekufa harudi. Usinitilie mtoto maneno hayo."

Nilidhani nitachapwa.

Tangu mamake azikwe, Nyanya hakumkubalia mtu yeyote amtie hina. Jioni, wageni walipokwisha kutoka, alifunga mlango, akaketi mkekani mbele yangu, akapandisha leso kidogo na kuninyoshea miguu yake mikavu.

"Haya, nitie, mama," akasema, bila kunitazama. "Kama zamani."