Pijo ya Mzee Matar yapanda Pugu

Jumamosi asubuhi, Temeke. Fundi Hija Mwinjuma ameinama mbele ya Pijo 505 nyeupe, kiganja chake kimelala juu ya mfuniko wa injini inayonguruma, macho ameyafumba. Asiyemjua angedhani anaiombea dua, na asingekuwa mbali na ukweli.

"Inapumua," anasema bila kufumbua macho. "Mwanzo ilikuwa inahema. Sasa inapumua."

Pembeni amesimama mwenye gari, Mzee Matar, muuza duka wa Kinondoni, ndani ya kanzu safi isiyofaa kabisa kuingia gereji. Mkewe, Bi Wahiba, ameshakaa kiti cha nyuma na mwavuli wake mapajani. Wote wanangoja jambo moja tu: kilima cha Pugu.

Gereji yenyewe haina paa. Ni kiwanja cha mchanga uliolowa oili nyuma ya nyumba za wapangaji, na turubai moja lililotobokatoboka. Hija, mwenye umri wa miaka 41, alihamia hapa miaka miwili iliyopita, karakana ya shirika la umma alikokuwa fundi wa injini ilipopunguza wafanyakazi. Alitoka na sanduku la spana na ovaroli mbili.

"Nilikuwaga na mshahara, nyumba ya shirika na chai ya saa nne," anasema huku akicheka. "Sasa nina jina tu. Watu wakisema Hija kaharibu gari, mie sina pengine pa kwenda."

Wiki nzuri anaingiza shilingi elfu nane. Wiki mbaya anaingiza maneno ya wenye magari.

Tangu serikali ilegeze masharti ya biashara, magari ya mitumba yanateremka bandarini kila kukicha, na wenye magari ya zamani wanashauriwa wayauze kwa kilo kama vyuma chakavu. Mzee Matar naye alishauriwa. Pijo yake ina tabo, ile mashine inayoisukumia injini hewa, na zamani ilikuwa ikiyapita mabasi kwa dharau. Mwaka jana ilichemka Pugu, akiipeleka familia Kisarawe kwa dada yake. Silinda hedi, kichwa cha injini chenye valvu, ikapinda. Ikachongwa na kurudishwa, lakini nguvu hazikurudi. Tangu hapo, kila wakifika kilimani, abiria hushuka wakapanda kwa miguu.

"Mke wangu hakunilaumu," anasema Mzee Matar. "Anachukua mwavuli wake anashuka. Angenilaumu ningepumua."

Hija ndiye aliyemzuia kuiuza. Alimweleza kwamba tabo ni nzima, kilichochoka ni kichwa. Mpwa wa mzee aliyeko Dubai akatuma silinda hedi yenye valvu pana zaidi, pamoja na kemshafti yake, ule mhimili wenye nundu zinazozifungua valvu. Nundu za hii mpya zimeinuka kidogo kuliko za ile ya zamani, ili injini ivute hewa zaidi. Ni kidogo kweli, jicho haliwezi kuona.

Hija akajitapa mbele ya gereji nzima: "Isipopanda Pugu, msiniite fundi."

Sasa, huyu bwana ana mtindo wake. Mafundi wengi vipuri vilivyotoka huvitupa, au huwauzia wanunua vyuma. Hija huvirudisha kwa mwenye gari, tena si vichafu. Huviosha kwa dizeli, huvipaka grisi, huvivingirisha kwenye kitambaa, kisha huvifunga ndani ya kigunia kwa waya. Kule karakana, mtunza stoo hakuwa akitoa kipuri kipya mpaka akione cha zamani, na mazoea hayo hayajamtoka.

"Mtu aone kilichotoka," anasema. "Asije akadhani nimemla."

Kazi ilipokwisha, Pijo iliwaka mara moja. Kigunia kikaenda Kinondoni. Haikupita wiki, Mzee Matar akarudi na uso umemshuka.

"Fundi, gari ni lile lile. Mwavuli umeshuka tena."

Hija aliifungua tabo, akaikuta nzima. Akapima mgandamizo wa kila silinda, ukawa sawa. Akaanza kuamini kwamba hedi mpya imekuja na ufa, akawa anakesha gereji. Elinaza, fundi umeme wa gereji hiyohiyo, hakumwonea huruma.

"Braza, mkeo kaulizia hapa kama umeoa hiyo Pijo," alimwambia. "Sie tumekosa la kumjibu."

Hija hakucheka. Alifungua mfuniko wa juu, akawa anaizungusha injini kwa mkono huku kidole kikipita juu ya nundu moja moja. Kwenye ya tatu kikagusa mkwaruzo. Aliujua mkwaruzo ule. Aliuona siku alipoitoa kemshafti ya zamani.

"Nilikaa chini," anasema. "Nilikuwa nimeziosha zote mbili kwenye beseni moja. Ya zamani niliisugua mpaka ikang'aa kuliko mpya. Nikaifunga hiyo kwenye injini, na mpya nikampelekea mzee kama chakavu."

Mitaa ya Kinondoni hupitiwa na wanunua vyuma kila siku na mikokoteni yao. Hija alikwenda mbiombio, na alipofika dukani hakuzunguka.

"Shikamoo mzee. Mie ndiye niliyekosea. Kile kigunia bado kipo?"

Mzee Matar alionyesha mlangoni. Mlango wa duka lake haukai wazi, upepo kidogo tu unajifunga, na kilichokuwa kimeuzuia ni kigunia kizito ambacho waya wake haujaguswa. Hija alikifungua palepale barazani. Kemshafti mpya ilikuwa imelala ndani ya kitambaa na grisi yake, haina hata doa la kutu.

"Nililia," anasema bila haya. "Mtu mzima, mbele ya wateja wa sukari."

Alirudi Temeke na kigunia chote, akaifunga kemshafti mpya mahali pake. Leo, wiki moja baadaye, ndiyo siku ya kujaribu. Mzee Matar anashika usukani, Hija anakaa kando yake, Pijo inaifuata barabara ya Pugu. Wanaipita Gongo la Mboto. Kilima kinapoanza, Bi Wahiba anaushika mwavuli. Tabo inapiga mluzi mwembamba, gari linapanda na gia ya tatu, na lori lililokuwa mbele linabaki nyuma. Bi Wahiba anauweka mwavuli chini, miguuni.

"Alhamdulillahi," anasema Hija, na mabega yake yanashuka.

Wanaporudi Temeke, Mzee Matar anamwambia kwamba pikapu za ndugu zake wawili zitakuja kwake. Hija ameshapanga: kwanza bati za kuezekea, kisha beseni la pili atakalolipaka rangi nyekundu, la vipuri vilivyotoka tu. Mtindo wake hauachi.

Na kweli, kigunia kiko tayari. Safari hii anamtaka mzee akifungue mwenyewe, apitishe kidole kwenye nundu ya tatu. Mzee Matar anapitisha, anaitikia kwa kichwa, anafunga.

"Kitie kwenye buti, fundi," anasema Bi Wahiba kutoka kiti cha nyuma. "Wiki nzima mlango unajibamiza."