Zamu ya Mkate Niederhasel

Irmgard Pohl alizaliwa Niederhasel, kijiji ambacho hata Wajerumani wengi hawakijui. Kipo kwenye bonde jembamba huko Hesse. Wakati wa utoto wake kilikuwa na nyumba arobaini hivi, kanisa la Kilutheri, kijito cha kufulia na tanuri moja la mkate. Alifariki Liverpool, magharibi mwa Sydney, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Katikati hapo aliishi Australia karibu miaka sabini, na habari za kijiji chake hakumsimulia mtu. Aliyekuja kuzisikia ni Ikupa.

Ikupa alikuwa Mtanzania wa Rungwe. Alikuja kusoma, akabaki, akaingia kazi ya kutunza wazee. Alipanga chumba Mount Druitt na kwenda kazini kwa treni. Mwaka 2021, amri ya kukaa ndani kwa sababu ya korona ilipotangazwa, wageni walizuiwa kuingia, na kila mzee akabaki chumbani kwake. Binti pekee wa Irmgard, Karin, alikuwa Perth, na mpaka wa jimbo lile ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo mtu aliyeonana na Bibi Irmgard kila siku alikuwa Ikupa, naye akionekana macho tu juu ya barakoa.

Bibi alianza kusimulia asubuhi moja akiogeshwa. Kiingereza chake kilikuwa kinapungua, lakini cha kutosha kilikuwepo. Alisema zamani sana Niederhasel iliwahi kuungua yote kwa sababu ya jiko la mtu mmoja, ndipo wakapiga marufuku matanuri ya majumbani. Wakajenga moja la mawe, mbali na paa za nyasi. Kila Jumamosi wenye nyumba walipiga kura ya bahati kupanga nani aanze kuoka wiki ile. Wa kwanza alipoteza kuni nyingi kupasha mawe. Wa katikati ndiye aliyepata moto mzuri. Wa mwisho, mawe yakiwa yamepoa, alitoa mkate mweupe, mbichi katikati. Baba yake Irmgard ndiye aliyekuwa mtunza tanuri. Aliingiza mkono mtupu, akahesabu moyoni, akajua kama moto unafaa.

Siku nyingine alisimulia kengele ya kanisa ilivyoshushwa ikayeyushwe kwa ajili ya vita, na jinsi wanawake walivyokuwa wakichelewa kutoka mashambani kwa sababu hakukuwa na cha kuwaambia saa. Alisimulia nguruwe waliochinjwa baridi ikianza, na majirani waliogombea mpaka wa shamba hadi wajukuu wao wakawa hawasalimiani.

Vita vilipokwisha walikuja wakimbizi Wajerumani kutoka mashariki, Wakatoliki, wakiwa na mabegi ya mkononi. Serikali iliwagawa katika nyumba za watu. Familia moja ya wakimbizi hao, ya Pohl, ilipewa chumba juu ya banda la nguruwe la baba yake Irmgard. Kwenye kura ya mkate hawakuingizwa. Walioka wenyeji wote wakimaliza.

Irmgard alimpenda kijana wao, Rudi. Alipotangaza kwamba ataolewa naye, baba yake hakumpiga wala kumfukuza. Jumamosi iliyofuata alisema tu, mbele ya kijiji kizima, kwamba mkate wa Irmgard nao utaokwa mwisho. Na ndivyo ilivyokuwa mpaka wawili hao walipopanda meli kwenda Australia, ambako Rudi alijenga nyumba za matofali hadi mgongo ukamshinda.

Ikupa alisikiliza akiendelea na kazi. Hakujua kama kuna mwingine aliyeambiwa.

Agosti ile mfanyakazi mmoja aliambukizwa, na masharti yakakazwa zaidi. Bibi Irmgard akaacha kula. Sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Mutanu, muuguzi Mkenya aliyekuwa msimamizi wa zamu, alidhani ni ugonjwa, akataka kumwita daktari. Kwanza akamuuliza Ikupa bibi anasema nini.

"Anasema zamu yake bado," Ikupa alijibu.

"Zamu ya nini?"

"Ya mkate. Anangoja wengine wamalize."

Mutanu akamwambia ajaribu kumlisha. Karin alikuwa kwenye simu ya video, iliyosimamishwa kando ya kitanda. Ikupa akavuta kiti, akaweka sahani mapajani.

"Bibi Irmgard, zamu ya Pohl imefika."

Bibi aligeuza kichwa. "Moto umeshapoa."

"Haujapoa. Nimeingiza mkono."

Aliutazama mkono wa Ikupa. Kisha akafungua kinywa, akala viazi, akala na supu.

Kwenye simu Karin aliuliza zamu gani hiyo. Ikupa alisita, maana hakuwa na hakika kwamba ni haki yake kusema. Mwishowe alimweleza: tanuri, chumba cha juu ya nguruwe, tangazo la Jumamosi.

"Mimi niliambiwa babu yangu alikufa vitani," Karin alisema.

"Mama yako anasema alikufa wewe umeanza shule. Anasema habari zilipomfikia, alitoka kuanika nguo."

Karin alikata simu, na kwa siku kadhaa hakupiga tena. Alipopiga hakuligusia jambo lile.

Mpaka ulipofunguliwa, Machi mwaka uliofuata, alikuja. Mama yake hakumtambua. Alimchukulia kuwa mama yake Rudi, akamshika mkono, akamwomba radhi kwamba kile chumba kinanuka. Karin alikaa, akapokea radhi ile kwa Kijerumani chake kidogo, na kila siku baada ya hapo alijibu kwa jina la bibi yake. Wiki hizo Bibi Irmgard alikuwa mchangamfu. Alifariki Juni, asubuhi, akiwa usingizini.

Baada ya mazishi Karin alimtafuta Ikupa kwenye maegesho ya magari. Aliuliza kama mama yake aliwahi kumlaumu mzee yule wa tanuri.

"Sikumsikia," Ikupa alisema. "Alimsifu kwa kazi tu."

Karin aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akarudi Perth. Alisema angekwenda kukiona kijiji. Hadi sasa hajakwenda. Chumba cha Bibi Irmgard kilipakwa rangi mpya, akaingia mzee wa Kimalta ambaye hakupenda mazungumzo.