Mlinzi wa Daraja na Mluzi wa Sinema

Mlinzi wa daraja letu hapa Kanchanaburi haachani na kipenga chake. Hata akila wali hukibana pembeni mwa mdomo kama sigara. Treni ikikaribia hukipuliza ili wageni watoke relini. Lakini wageni wameshaiona ile sinema ya mateka wa vita waliojengeshwa daraja hili, na wakisikia kipenga hudhani ni mchezo. Hujipanga, hupiga kwata papo hapo, humjibu kwa mluzi ule wanaoupiga mateka kwenye sinema. Hapo ndipo huanza kupiga kelele: “Tokeni jamani! Ile ni sinema, hii ni treni!”

Jana mzungu mmoja mzee alisimama katikati ya daraja, kafumba macho, anapiga mluzi, na treni imeshaingia. Mlinzi alimkimbilia, akamshika mkanda wa kiunoni, akamvuta hadi kwenye kibaraza cha pembeni. Mabehewa yakapita yakigusa mashati yao. Mzungu akacheka, akampigapiga begani. Mlinzi akaja kwenye jiko langu la ndizi za kuchoma, vidole bado vimejikunja kana kwamba vimeshika mkanda wa mtu.

“Dada Wanphen, mimi ile sinema hunishinda, hutoka nje kabla ya mwisho. Ile treni inavuka?”

Nikakumbuka mwisho wa ile sinema: mlipuko, na injini ikitumbukia mtoni. Nikageuza ndizi ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

“Inavuka, mdogo wangu. Wote wanafika.”

Akashusha pumzi, akarudi relini. Kipenga kikalia, na wageni wakaanza kujipanga.