Barafu ya Boga

Mwanaharusi wa Tanga alikuwa akitengeneza barafu za ukwaju chumbani kwake Bellevue, huko kusini kabisa mwa Afrika, na kuziuza mtaani. Aprili baridi ilipoanza kuuma, wateja walipungua, akaamua kupumzika.

Jioni moja jirani yake Jeannine, msusi kutoka Bukavu, alipiga hodi. Mama yake alikuwa akitibiwa saratani, na dawa zilimletea vidonda mdomoni.

"Dada, mama hakule kitu," alisema. "Unaweza mutengenezea kitu ya baridi, yenye haina ukali?"

Ukwaju ungemchoma. Msimu ule maboga yalijaa madukani, basi Mwanaharusi alichemsha moja, akalisaga na maziwa, sukari na mdalasini kidogo wa kunukia, akagandisha kwenye vifuko. Kesho yake alizipeleka mwenyewe kwa mgonjwa, chumbani kwa Jeannine.

Bibi alifyonza polepole, macho kayafumba, mpaka kifuko kikaisha.

"Iko ingine?" akauliza.

Jeannine alitoka, akaenda koridoni akalia. Mwanaharusi akarudi kuchemsha boga jingine.

Aliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Vidonda vilipopona, bibi aliikataa barafu kabisa. Alisema ni chakula cha watoto, akaomba ugali na sombe, kisamvu cha kwao.