Darasa la Kifataluku la Mwalimu Zulmira

Siku ya mkutano Mwalimu Zulmira alifika shuleni kabla ya watu wote, akafagia darasa ambalo ifikapo adhuhuri huenda lisingekuwa lake tena. Wazazi wa kijiji cha Vailoro, huko Timor, walikuwa wanakuja kupiga kura. Ama watoto wa darasa la kwanza waendelee kufundishwa kusoma kwa Kifataluku, lugha ya majumbani mwao, ama warudishwe kwenye Kireno tangu siku ya kwanza, kama ilivyokuwa zamani.

Aliyeitisha mkutano ni Agapito, aliyepigana msituni dhidi ya Waindonesia kwa miaka mingi, mtu ambaye kijiji kizima kilimsikiliza. Yeye na Zulmira walikaa dawati moja utotoni, enzi za Wareno, na mara nyingi viganja vyao vilionja kibao kimoja cha mbao cha mwalimu. Zulmira alikuwa na akili ya kuchemka. Nyumbani alihesabu mbuzi wa baba yake haraka kuliko kaka zake. Shuleni aliulizwa kwa Kireno, akakaa kimya, akachapwa, na akakua akiamini kwamba yeye ni mjinga.

Waindonesia walipoitwaa nchi, alijifunza lugha yao, akawa mwalimu. Kwa miaka kumi na moja aliwafanyia wengine yale aliyofanyiwa, na hilo hakulificha kwa yeyote. Siku moja alimsimamisha juani binti aitwaye Brigida, kwa kosa la kuomba maji kwa Kifataluku. Tangu siku hiyo Brigida hakufungua kinywa darasani kwa lugha yoyote, na mwisho wa mwaka akaacha shule. Zulmira hakusingizia serikali wala nyakati. Mkono uliomsukuma mtoto juani ulikuwa wake. Timor ilipopata uhuru, na nafasi ya kufundisha kwa lugha ya nyumbani ilipotokea, aliiomba kabla tangazo halijamaliza kusomwa.

Wazazi walijaa hadi madirishani. Agapito alisimama mbele, kofia mkononi.

"Jamani, nchi yetu ni ndogo na lugha zimejaa tele," alisema. "Kila kijiji kikisoma kivyake, kesho mtoto wa hapa ataongeaje na mtoto wa Maliana, upande wa pili wa nchi? Kwa ishara?"

Watu walicheka.

"Kireno ndicho tulichoandikiana msituni. Watu wamekufa na karatasi hizo mifukoni. Leo Mwalimu anatuambia watoto wasome lugha ya kuitia nyati."

"Nyati wako wanajua Kireno, Kaka Agapito?" aliuliza Mama Celestina kutoka nyuma, akitafuna tambuu. "Maana wangu hata Kifataluku hawasikii."

Agapito hakumjali. Alimwita mjukuu wake Delfina, wa darasa la nne, asome kitabu cha Kireno. Delfina alisoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka kama mtoto aliye kwenye kwaya. Wazazi walipiga makofi.

"Naomba asome tena," alisema Zulmira.

Delfina alianza upya. Alipofika katikati, Zulmira akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, akaufunika wote. Delfina akaendelea kusoma.

Mtu mmoja akaguna, na darasa zima likaangua kicheko. Zulmira hakucheka. Alimshika mtoto begani.

"Umekariri vizuri, mwanangu. Kosa si lako. Ni letu sisi tuliokufundisha kuimba kitabu, tukakuita msomaji."

Alisema kweli. Pale Vailoro ndivyo walivyosoma tangu babu zao: mwalimu anatamka, darasa linaitikia, hadi ukurasa uingie kichwani kama sala. Mtu angeweza kumaliza shule bila kujua kwamba maandishi yanasema jambo.

Agapito alikuwa amekunja uso. "Na hao wako wamekariri vilevile. Ila wewe hujafunikiwa kitabu."

"Basi nijaribu, Kaka. Taja maneno mwenyewe. Maneno ambayo sijawahi kuwafundisha."

Wakakubaliana hivi. Nelia, binti wa miaka saba wa darasa la Zulmira, akatolewa nje na mkuu wa kijiji hadi kwenye tangi la maji, mbali na masikio. Zeferino, wa umri huohuo, akasimama ubaoni na chaki. Watoto hawa walikuwa na miezi minane tu shuleni. Wakikwama, darasa limekwisha.

Agapito alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kifataluku, polepole:

"Mama, wale nyati wawili mwachie Agapito. Nikichelewa, msiningoje kula."

Wakubwa waliinamisha vichwa. Hayo yalikuwa maneno ya Edmundo, kaka yake Agapito, asubuhi aliyoondoka kwenda mlimani. Hakurudi, na kaburi lake halijulikani.

Zeferino aliandika, ncha ya ulimi nje. Chaki ilivunjika mara mbili. Alifuta herufi moja kwa kiwiko, akaiandika upya, akaenda kukaa.

Nelia akaletwa ndani. Alitazama ubao, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Alisoma silabi moja moja hadi mwisho, kwa tabu. Halafu akarudi mwanzo na kuyasema yote mfululizo, kama mtu anayemuaga mama yake mlangoni.

Bibi Olandina, mama yao Edmundo na Agapito, alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele akitafuna tambuu. Taya lake liliacha kutafuna.

"Nani kamwambia mtoto huyu?"

"Hakuna, Mama," alijibu Zulmira. "Ameyasoma pale ubaoni."

"Mwambie arudie."

Nelia akarudia. Bibi Olandina akaitikia kwa kichwa kila neno. "Miaka thelathini na minne nayasema peke yangu nikipika, nisije nikayasahau," alisema. "Kumbe yanaweza kukaa ukutani."

Agapito aliugeukia ubao, akawapa watu mgongo. "Nimeandika barua za vita hadi vidole vikaota sugu," alisema. "Haya sikuyaandika hata mara moja. Nilidhani hayaandikiki." Akageuka. "Na Kireno je, Mwalimu? Usinikwepe."

"Kitetum, lugha ya nchi nzima, mwaka wa pili, Kireno wa tatu. Watavipata vyote, na wataongea na huyo mtoto wa Maliana. Ila wavijie wakijua wao si wajinga. Mimi na wewe hatukupewa hilo."

Mkuu wa kijiji akaita kura za kukitaka Kifataluku. Mikono ikapanda, na wa Agapito ukiwa miongoni mwa ya kwanza. Mikono miwili tu ilibaki chini, na mmoja ulikuwa wa mzee aliyesinzia. Watu wakashangilia, wakamwinua Zeferino mabegani, Nelia naye akadai kubebwa.

Agapito alimsubiri Zulmira mlangoni.

"Delfina atakuja kwako mchana, baada ya masomo yake. Ajifunze kusoma, si kuimba."

"Na babu yake?"

Agapito akavaa kofia. "Babu yake atakaa nyuma. Lakini sitaki kibao."

"Kibao nimekichoma siku nyingi," alisema Zulmira. "Njoo na chaki yako."