Bibi Simu na Mvumo wa Sebuleni

Kwa miaka thelathini na moja Bibi Simu alikaa mbele ya mitambo ya simu ya hospitali kubwa, visikizi masikioni, akiwaunganisha watu wasioonana. Laini mbovu aliitambua kabla mtu hajasema haloo. Basi siku mwanawe alipomwambia kuwa masikio yake yamechoka, bibi wa watu alikasirika hadi chai ikampalia.

Kisa chenyewe kilikuwa mvumo. Amplifaya ya sebuleni ikiwashwa, kabla wimbo haujaanza, yeye alisikia "mmmmm" ya chini kabisa ndani ya spika. Mwanawe hakusikia kitu. Mkaza mwanawe naye alitega sikio, akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Fundi wa redio akaibeba amplifaya hadi kibandani kwake. Siku mbili baadaye akairudisha. "Mashine nzima, mama, haina hata mafua. Labda ni masikio. Umri nao."

Hapo mambo yakaharibika. Jumatatu mkaza mwana alikuwa anarudi kazini, na bibi ndiye angebaki na mjukuu wa miezi mitano. Sasa mwana akaanza kuzungukazunguka maneno.

"Mama, usinielewe vibaya. Mtoto akilia chumbani, nawe uko jikoni... Tumeona bora tumpeleke kituo cha watoto."

Bibi Simu aliingia chumbani akalia kidogo, akajifuta, akatoka amejifunga kibwebwe. Jumamosi asubuhi fundi alikuwa ameshaitwa.

"Huko kwako uliichomeka na nini?"

"Umeme na spika tu, mama."

"Unaona sasa! Hapa ina marafiki. Sisi kazini laini ikivuma hatukutupa simu, tulichomoa waya mmoja mmoja."

Akachomoa santuri: mvumo upo. Akachomoa kinanda cha kaseti: upo. Akapitisha mkono nyuma ya runinga, nayo imeunganishwa na amplifaya, akachomoa waya unaotoka kwenye dishi la paani. Kimya. Kimya kitamu, alitamani kupiga vigelegele.

Fundi akatabasamu lile tabasamu la kumridhisha mzee. Bibi Simu akaliona. Akaburuta kiti hadi koridoni, akakaa akitazama ukuta.

"Chomekeni na kuchomoa mnavyotaka. Msiseme neno."

Fundi na mwana wakaanza. "Upo," akasema bibi. "Umekatika. Upo. Bado upo, mwanangu, usinichezee, hujagusa kitu." Mwana aliyekuwa ameushika waya bila kuuchomoa akauachia kama umemuunguza. Mara kumi na mbili walimjaribu, na hakukosea hata mara moja.

Fundi akapiga magoti, akabandika sikio kwenye spika. "Loh! Kweli unavuma!" Akaeleza kwamba dishi limeunganika na ardhi kupitia mabati ya paa, na amplifaya imeunganika na ardhi kupitia soketi, kwa hiyo umeme kidogo unazunguka kati ya hivyo viwili na kuleta mvumo. "Nikate mguu wa ardhi kwenye plagi?"

"Ukate, halafu anayeigusa arushwe na umeme? Tenganisha huo waya wa dishi."

Fundi alitoka mbio, akarudi na kifaa kidogo cha kutenganisha, kinachopitisha picha na kuzuia huo umeme, akakifunga kwenye waya wa dishi. Wakarudisha kila kitu mahali pake. Mvumo ulikuwa umekwisha kabisa, na bibi akaiongeza sauti ya wimbo hadi vioo vikatetemeka. Alicheza peke yake katikati ya sebule, nyonga na mabega, wala hakumwonea haya mtu.

"Mama, nisamehe," mwana akasema.

"Sikusikii," bibi akamjibu. "Masikio yamechoka."

Jumatatu mkaza mwana alimweka mtoto mikononi mwake. Alikuwa na orodha ndefu ya maagizo, lakini bibi aliinua kidole.

"Tundu la pua la kulia limeziba. Hujasikia anavyopumua?"

Mama mtu akainama, akasikiliza, akasikiliza tena. Hakusikia kitu. Akaikunja orodha yake, akaitia mkobani.

"Basi utamwangalia, mama," akasema, akaenda zake kazini.